Samaki wa Nusu Mbili

Jumatatu, 2 Machi 1846

Bahati yangu mimi! Yorkshire nzima hakuna kinyozi mwenye bahati kama Obadiah Thirkell. Wengine hugonga miamba ya pwani miaka ishirini, wakaambulia mafua. Mimi nimeinama mara moja tu. Jiwe la mviringo, nyundo moja, likafunguka kama kitabu. Ndani, samaki wa kale aliyegeuka jiwe, magamba yote, hata jicho. Nusu hii ina samaki, nusu ile ina samaki yuleyule. Jennet Raine, mjane anayechonga vito vyeusi, alikuwepo. Shahidi wangu.

Sasa, wasomi wa mawe wana adabu zao. Mtu hampi mnyama jina lake mwenyewe, ni aibu. Unampelekea mkubwa kwa barua, yeye ndiye humwita mnyama kwa jina lako. Nusu mbili, wakubwa wawili, majina mawili! Kinyozi hukumbukwa mpaka nywele ziote tena. Mke wangu alitangulia, mtoto hatukujaaliwa. Nikifa, nani atatamka Thirkell? Samaki atanitamkia.

Jumanne, 3 Machi

Barua mbili, wino nusu chupa. Nusu ya kushoto kwa Kasisi Pellowe, York. Nimesema ametoka Genge Jekundu. Nusu ya kulia kwa Daktari Strachan, Edinburgh. Huyo nimemwambia ghuba ya kaskazini. Samaki wawili, pahali pawili, nani atajua? Wazee hawa hawajasemezana miaka kumi na mmoja. Waligombana juu ya mawe makubwa ya mabondeni, kama yaliletwa na barafu au na gharika.

Jennet alikuja kunoa visu vyake. Akasema samaki ni mmoja, nikimgawa hatazaa wa pili. Nikamwambia elimu ina mambo yake. Akasema anaona.

Jumatano, 11 Machi

Majibu yote mawili siku moja! Kasisi ananiita rafiki yangu mpendwa. Daktari anasema furaha imemnyima usingizi. Nimewasomea wateja. Mmoja nikamchanja sikio kidogo, akanisamehe kwa ajili ya sayansi.

Ila wote wawili wanauliza jambo lilelile: samaki alikuwa tabaka lipi la mwamba, futi ngapi juu ya maji? Hawa wangemuuliza hata Adamu udongo wake ulichimbwa wapi. Nimemwambia Kasisi futi arobaini, Daktari futi kumi na mbili. Wasomi ukiwapa namba hutulia.

Alhamisi, 19 Machi

Barua moja, sahihi mbili. Nimeanza kuisoma nimesimama, nimemaliza nimekaa.

Kumbe Kasisi alishindwa kula raha peke yake. Raha gani isiyo na adui wa kuitazama? Akamchora samaki, akampelekea Daktari makusudi, amuudhi. Daktari akaweka mchoro kando ya nusu yake. Kila gamba lina mwenzake, hadi ufa wa mkiani. Akapanda gari la farasi mpaka York, jiwe mapajani. Nilisahau jambo moja kuhusu watu hawa: hata wakichukiana, huandikiana.

Na sasa wamepatana! Wanasema hawajacheka hivi tangu ugomvi uanze. Jumamosi wanakuja. Aliyemtoa samaki awaonyeshe tabaka lake, maana samaki asiyejulikana alikolala ni jiwe tu. Akiwaonyesha, jina ni lake. Asipowaonyesha, wataandika kwa kila mwenzao, Uingereza na Uskoti, kwamba Thirkell ni mwongo. Basi nitakumbukwa kweli.

Jumamosi, 21 Machi

Wazee wawili, nyundo mbili, wananong'onezana kama watoto kanisani. Nikawapeleka Genge Jekundu; kwangu miamba yote hufanana. Daktari akaokota kipande, akakilamba, akatema. Akasema huu ni mchanga mtupu, samaki wetu alizikwa kwenye matope. Jasho likanitoka, na upepo ulikuwa wa baridi.

Jennet alikuwa chini ufukweni, anatafuta vito vyake. Kasisi akamwita, akamuuliza kama yeye anapajua mahali penyewe. Jennet akanitazama sana. Neno lake moja lingenimaliza.

"Bwana Thirkell anapajua," akasema. "Ana mengi kichwani, kapotea kidogo tu. Njooni, na mimi naelekea huko huko."

Akatangulia polepole. Penye tabaka la kijivu, kimo cha goti, akasimama kufunga kamba ya kiatu. Nikapaonyesha kwa kidole. Shimo lilikuwepo bado, la mviringo. Daktari akalamba, akatabasamu. Kisha akaniuliza mimi, macho kayaelekeza kwa Jennet.

"Ni wewe uliyemtoa, Bwana Thirkell?"

Bahari ilikuwa imetulia mno. Jennet alikuwa bado ameinamia kiatu.

Nikasema ndiyo.

Jumamosi, 4 Aprili

Karatasi imefika kutoka York, imepigwa chapa. Samaki anaitwa kwa jina langu, sasa na milele.

Nikampelekea Jennet, pamoja na pakiti ya chai. Hajui kusoma. Akaomba nimwonyeshe jina liko wapi. Nikashika kidole chake, nikakiweka juu yake. Akasema ni jina refu kwa samaki mdogo. Akanipongeza, na ilitoka moyoni. Chai aliyonipikia ikanipalia.

Nimeazimia kumrudishia wema wake. Alhamisi amepata jiwe jingine, ndani kuna mjusi wa baharini. Ananiamini nimwandikie barua. Nimeshalipasua. Nusu itakwenda York, nusu Paris. Mfaransa hawezi kumwandikia Mwingereza. Majina mawili safari hii: moja langu, la pili lake. Lake bila shaka, nafasi ikiwepo.

Na ile bahati ya siku ya kwanza ni uongo. Samaki aliokotwa na Jennet, nyundo aliipiga Jennet. Mimi nilimshikia kapu.