Upawa Namba Moja

Idara yetu ya makumbusho ina furaha kuutangazia umma wa Pemba kwamba, baada ya vikao vya miezi minane, kijiko kimepatiwa historia. Kabla ya hapo watu walikuwa wakila kwa kijiko bila kujua kimetoka wapi, jambo ambalo Mkurugenzi wetu, Ndugu Vuai, aliliita hatari.

Utafiti umethibitisha kuwa mama wa kijiko ni upawa, ule wa kupakulia, wa kifuu cha nazi. Ili ushahidi usipotee, tulipita mtaa wa Tibirinzi nyumba kwa nyumba tukachukua pawa zote, arobaini na moja, tukazipa namba, tukazifungia katika kabati la kioo. Mimi ni katibu. Kwa maelekezo ya Mkurugenzi niliandika Kanuni ya Nne: kifaa cha kale ni kile kisichotumika tena; kikitumika, kirudi kwa mwenyewe.

Kesho yake alikuja Bi Mwanawema, anayepikia mtaa mzima uji kila Ramadhani.

“Mwanangu, upawa wangu mmeutia kiooni. Wafanya nini humo?”

“Unahifadhiwa, Bi.”

“Na uji nipakulie nini? Kiganja?”

Nilimpa fomu.

Mkurugenzi akatoka kumwelewesha. “Bi, upawa ule si wako tena. Ni wa vizazi.”

“Hivyo vizazi ndivyo vinavyonisubiri na mabakuli, baba.”

Uzinduzi wa makumbusho ulifanyika siku ya kumi ya Ramadhani, pamoja na futari. Mkurugenzi alihutubia tangu alasiri. Adhana ya magharibi ikamkuta bado yuko kwenye asili ya mpini. Tukafungua kwa tende. Bi Mwanawema akafunua sufuria, pilipili manga ikatupanda puani. Wageni sitini wakashika mabakuli, wakatazamana.

“Pakua, Bi,” akasema Mkurugenzi.

“Kwa nini, baba? Nionyeshe.”

Hamdan, mlinzi wetu, alichovya bakuli, akaunguza vidole. Ndipo Mkurugenzi akatoa mfukoni kijiko chake cha fedha, kilichochorwa jina lake, akaanza kupakua mwenyewe. Kijiko cha tisa kilipoingia, bakuli la kwanza lilikuwa halijafika nusu.

“Huyo ndiye mtoto wa upawa,” akasema Bi Mwanawema. “Mpeni muda, atakua.”

Mkurugenzi akautazama uji, akalitazama kabati, akatoa ufunguo. Alijipakulia bakuli tatu mfululizo kwa Upawa Namba Moja, kisha akampa Bi Mwanawema upawa huo. Wageni nao wakazichukua pawa zilizobaki, wakajipakulia.

Kazi yangu ni muhtasari, nami niliandika: Vifaa vyote arobaini na kimoja vimetumika. Kanuni ya Nne itekelezwe. Mkurugenzi alitia saini bila kusoma, bakuli mkono wa pili.

Makumbusho bado yako wazi. Pawa zimerudi kwa wenyewe; kabatini kuna kifaa kimoja, kilichosahauliwa mezani siku ile, na kibandiko nilichokiandika mimi: Kijiko cha fedha. Kilijaribiwa mara moja. Hakitumiki tena.

Mkurugenzi amekuja mara mbili kukidai. Nimempa fomu.