Njia Ambazo Karatasi Haikuagiza

Haya nimeambiwa na mjukuu wangu, mtoto wa binti yangu wa pili, Jumapili iliyopita tukichambua maharage. Nayaandika kama alivyoyasema, maana ni habari za maendeleo, na maendeleo hayafai kuachwa midomoni tu.

Mamlaka ya Mitihani ya Mitandao imetangaza kwamba kuanzia sasa hakuna mtu atakayesoma kanuni na kuzielewa mwenyewe kiholela. Imeundwa Kamati ya Kutafsiri Kanuni, yenye mwenyekiti, makamu, na makamu wa makamu kwa siku za dharura. Hiyo ni hatua kubwa. Tulikuwa tunaelewa mambo bila usimamizi.

Mjukuu wangu ni fundi wa mitandao hospitalini. Mkubwa wake alishamwambia: bila cheti, Jumatatu usije. Basi akaenda kufanya mtihani wa vitendo. Unakalishwa mbele ya ruta kadhaa, kamati nzima imekusimamia. Ruta ni kidude chenye taa za kukonyeza, kinachouelekeza ujumbe wa kompyuta upite wapi, kama trafiki wa njia panda, ila hakina kitambi. Wamezivuruga makusudi, nawe uzipange mpaka ujumbe wa ruta ya kwanza ufike ya mwisho. Kanuni kuu ni hii: usiongeze njia yoyote ambayo karatasi haikuagiza.

Akanyoosha mkono. "Bosi, kuna njia ya akiba humu, imezimwa tu. Nikiiwasha nitakuwa nimeongeza?"

Kamati ikakutana palepale, wima.

"Tukimjibu, tumemsaidia," alisema makamu.

"Tukinyamaza, ataelewa kitu," alisema makamu wa makamu.

Mwenyekiti akarudi na tamko: kamati haikubali, haikatai, na mtahiniwa asithubutu kulichukulia tamko hili kama jibu.

"Nimeelewa, bosi."

"Usielewe. Kuelewa ni kazi ya kamati."

Akaiwasha. Ujumbe ukafika, taa zote kijani. Kamati ikainama kuzitazama kama wageni waliokuja kuona mtoto mchanga, hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kusema kafanana na nani.

"Umefika," makamu alithubutu.

"Umefika kwa ruhusa ya nani?" aliuliza mwenyekiti. Akatangaza kwamba mtahiniwa amefeli, kwa kosa la kufaulu kabla ya tafsiri.

Mjukuu wangu anasema alibaki ameshika kiti, akiiona kazi ya Jumatatu inakwenda zake.

Sasa, ili haki ionekane imetendeka, mwenyekiti akaamua kanuni ile itumike jengo zima. Akaketi mwenyewe kwenye ruta ya jengo. "Njia zote hizi ziliagizwa na karatasi gani?" Hakuna aliyejua. Akazifuta moja baada ya nyingine, roho yake ikatulia kabisa.

Papo hapo intaneti ikafa. Matokeo hayakwenda makao makuu. Na mlango, ule wa kufunguliwa kwa kadi, ukagoma. Makamu akaupiga bega. Makamu wa makamu akauomba kwa heshima.

"Binti yangu," alisema mwenyekiti, "hebu zirudishe zile njia."

"Karatasi haijaagiza, baba."

"Naagiza mimi."

"Kanuni yenu inasema asiye na cheti asiguse ruta ya jengo. Na mimi ndiyo hivyo, nimefeli."

Makamu alikuwa ameanza kusimama kwa mguu mmoja. "Mwenyekiti, tafsiri haraka. Choo kiko ng'ambo ya mlango."

Mwenyekiti akatafsiri. Kamati ilikuwa imegundua kwamba binti huyu alifaulu tangu asubuhi, ila alikuwa hajatafsiriwa. Cheti kikagongwa muhuri juu ya mkoba wa makamu. Mjukuu wangu akakisoma mbele na nyuma bila haraka, akakitia kwenye begi, akafunga zipu, ndipo akagusa ruta. Mlango ukalia tii. Makamu akatoka mbio, na mwenzake nyuma yake.

Makao makuu nao wakaamka kwenye kompyuta. Cheti kimepokelewa, hongera zake. Ila walikuwa na swali: aliyefuta njia za jengo ana cheti namba ngapi? Hana. Basi kwa kanuni ya kamati, ambayo mwenyekiti aliitia saini kwa kalamu yake, afanye mtihani sasa hivi, akisimamiwa na mwenye cheti. Na mle ndani mwenye cheti alikuwa mmoja tu.

Mwenyekiti akaketi, akazitazama ruta, nazo zikamkonyeza.

"Mama," alisema. Mjukuu wangu kapanda vyeo siku hiyo jamani, kutoka mtahiniwa hadi binti, hadi mama. "Hii inawashwa wapi?"

"Kamati iko chooni, baba."

"Basi nitaisubiri."

Akalegeza tai, akavua kiatu kimoja, akaanza kuisoma karatasi kwa kidole. Mjukuu wangu alipogeuka kumtilia maji, mzee wa watu alikuwa amelaza shavu kwenye kibodi, kapitiwa na usingizi wa mtu asiyedaiwa maelezo na yeyote.