Cherehani ya Ghorofa ya Juu Inaniharibia Bia

Ndugu Mwenyekiti wa Wapangaji,

Natumaini u mzima na goti limepoa. Mimi, fundi saa wa chumba cha chini, mwili mzima ila roho haina raha.

Jumamosi hii baba mkwe anakuja kuonja bia niliyopika mwenyewe. Alifanya kazi kiwanda cha bia miaka thelathini, na katika miaka kumi na minne ya ndoa yangu hajawahi kuniita mwanangu. Huniita "huyo wa saa". Mke wangu anasema nisijali. Najali, Mwenyekiti, tena sana!

Nina vipipa viwili ndani ya friji moja. Vyote vinapata gesi kutoka mtungi mmoja, kila kimoja kwa mpira wake na koki yake. Cha kulia kinatoa povu tupu, utadhani nafua. Cha kushoto kimedorora, bia yake haina hata kiputo. Tumbo moja, tabia mbalimbali! Nimechunguza, na malalamiko yangu ni haya:

1. Fundi cherehani anayekaa juu yangu. Mashine yake iko sawasawa juu ya kipipa cha kulia. Inatikisa dari, dari inatikisa friji, bia inapanda povu. Nilimwomba kwa adabu ashone polepole. Alinijibu kwamba sare za shule hazisubiri bia ya mtu.

2. Uzembe si wangu. Kila asubuhi kabla ya chai naizungusha koki ya kushoto mpaka ikaze, kama ninavyotia saa ufunguo, maana kisichotiwa ufunguo husimama. Ya kulia siigusi, mkono haufiki.

3. Kila nikikionea huruma cha kushoto, naifungulia zaidi gesi ya mtungi, na kinachonenepa ni cha kulia. Hii ni dhuluma. Mwenye dhuluma, tazama namba 1.

4. Kwa hiyo naomba cherehani ihamishiwe upande wa kushoto, itikise kinachohitaji kutikiswa. Ikishindikana, fundi ahame. Hilo nalo likishindikana, jengo liinuliwe kidogo upande mmoja ili gesi iteremkie kushoto. Jeki ninayo.

Nisalimie mama watoto na wapangaji wote. Fundi cherehani naye msalimie, ila kwa mbali.

Ni mimi mpangaji wako mtiifu, mwenye kiu,
Fundi Saa

Nyongeza: Baba mkwe kaja leo, siku mbili kabla. Aliinama kwenye friji, akaifungua ile koki niliyokuwa naifunga kila asubuhi kwa mkono wangu. Kumbe mchawi wangu ni mimi! Alicheka mpaka akakaa sakafuni, fundi cherehani akashuka kuuliza kulikoni. Mzee akachanganya glasi tatu, nusu povu la kulia, nusu bia doro ya kushoto, tukanywa. Kisha akanishika bega, akasema: mwanangu, saa hutiwa ufunguo, bia huachwa.

Nakuletea barua hivyo hivyo kwa kuwa mwandiko umenitoka vizuri. Cherehani ibaki ilipo, inanishonea suruali ya Jumamosi. Ukimaliza kusoma ichane, ukianzia pale niliposema hajawahi kuniita mwanangu.