Bibi Asiye na Kibali

Inatangazwa kwa fahari kwa wote wanaohusika, na kwa wasiohusika lakini wanaopenda kujua mambo ya watu, kwamba huruma sasa inapimika. Uvumbuzi huo umefanyika hapa hapa Toledo, Ohio, katika chuo chetu, chini ya Dkt. Marjorie Haverkamp, mkuu wa mafunzo ya uzamili ya wauguzi bingwa wa watoto mahututi. Kabla yake wauguzi walikuwa wakiwahurumia wazazi kiholela: huyu anashika bega, yule analeta kahawa, mwingine analia nao kabisa. Dkt. Haverkamp alikomesha uhuni huo.

Aliunda Kamati ya Viwango vya Huruma, akajiteua mwenyekiti, akajipongeza. Kamati ikaamua kwamba mwanafunzi akikutana na mzazi mwenye hofu, kwanza atavuta kiti, ataketi, kisha atatamka: "Naisikia hofu yako. Hofu yako ni halali. Tuko pamoja katika hofu hii." Mzazi wa mtihani alikuwa mwigizaji wa kulipwa, mwenye kibali cha Kamati cha kulia. Mtoto alikuwa mwanasesere anayepumua kwa umeme. Dkt. Haverkamp mwenyewe hakuwa amemgusa mtoto mgonjwa tangu apewe ofisi yenye dirisha, na alilisema hilo kwenye karamu za chuo huku akicheka, maana alidhani ni utani.

Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri mpaka akatokea Janelle Kubiak.

Kubiak alikuwa muuguzi wa wodi ya watoto kwa miaka mingi kabla ya kuja kusoma. Aliacha zamu za usiku, akahamia kwa mama yake pamoja na wanawe wawili, ili apate shahada hii. Dawa alizijua, vipimo alivijua. Lakini kila akiingizwa chumba cha mtihani alimpita mzazi anayelia na kwenda moja kwa moja kwa mwanasesere. Alifeli. Akarudia, akafeli tena.

"Kubiak, mzazi umemwacha analia kama redio," Dkt. Haverkamp alimwambia ofisini. "Kwa nini?"

"Mtoto alikuwa anabadilika rangi, Dokta."

"Yule ni plastiki!"

"Basi plastiki ilikuwa inabadilika rangi."

"Ukifeli mara ya tatu, unaondoka. Sheria ni sheria."

"Nani aliitunga?"

"Mimi," alisema Dkt. Haverkamp, na kusema kweli aliona raha kulisema.

Mtihani wa tatu ukapangwa ufanyike hospitalini, wodini kabisa, ili uonekane wa kisasa. Mtahini alikuwa Profesa Dunleavy, makamu mwenyekiti, ambaye hata mkewe humwona kwa miadi. Siku hiyo theluji ikamwagika, barabara zikafungwa, mwigizaji akakwama njiani. Profesa akakaa na karatasi yake ya alama akisubiri mzazi wa kulia. Kubiak akasubiri pembeni.

Mlango ukafunguka, akaingia mama kijana amembeba mtoto wa miaka miwili, Emmett. Koo la mtoto lilikuwa limevimba. Alikohoa kama mbwa anayebweka, na kila akivuta pumzi kifua kilibonyea. Kubiak hakumtazama Profesa wala kiti. Alimwacha mtoto mapajani mwa mama yake asije akalia akazidiwa, akamwekea mvuke wa dawa puani, akamnywesha dawa ya uvimbe, huku akimwimbia wimbo wa lori la takataka. Daktari wa zamu alikuja, akatazama, akatikisa kichwa kukubali. Baada ya muda kifua kikaanza kutulia.

Hapo ndipo Dkt. Haverkamp alipoingia mbio, koti wazi, kiatu kimoja kimejaa theluji. Yule mama kijana alikuwa bintiye, na Emmett mjukuu wake wa pekee.

"Yuko wapi? Emmett yuko wapi? Kubiak! Anapumua?"

Kubiak alimtazama bibi. Akamtazama Profesa, ambaye tayari alikuwa amefungua kalamu. Akawafikiria wanawe. Akavuta kiti, akaketi.

"Naisikia hofu yako," alisema.

"Sikukuuliza hofu! Mtoto anapumua?"

"Hofu yako ni halali."

"We binti, usinitie wazimu! Nijibu!"

"Vumilia, Dokta, imebaki moja. Tuko pamoja katika hofu hii." Akainuka, akavuta pazia. "Anapumua. Yuko sawa kabisa. Njoo umwone, bibi."

Emmett alikuwa amelala kifuani mwa mama yake, mashavu mekundu, kinywa wazi. Dkt. Haverkamp alimshika kidole cha mguu akalia kwa sauti, bila utaratibu wowote. Nyuma yake Profesa Dunleavy aliandika alama zote.

Ungedhani mambo yameishia hapo. Hujui kamati.

Kikao kilipokaa, Profesa mwenyewe ndiye aliyesimama kufuta mtihani. "Bibi aliyehusika hakuwa na kibali," alisema. "Hofu yake haikuwahi kukaguliwa."

"Bibi huyo ni mimi, Dunleavy!" alisema mwenyekiti. "Nilikuwa naogopa kweli!"

"Ndiyo shida yenyewe, Marjorie. Ya kweli haina kiwango. Umeyaandika wewe, ukurasa wa kwanza wa viwango."

Bila kibali, Kubiak amefeli. Njia ilikuwa moja tu: bibi asajiliwe kuwa mwigizaji wa kulia, na kibali kirudishwe nyuma hadi siku ile. Basi Dkt. Haverkamp, na shahada zake zote, akapelekwa kufanyiwa usaili na Gus Petrakis, mzee aliyestaafu kuuza magari ambaye sasa huwafundisha waigizaji wetu kulia.

"Haya mama," Gus alisema akitafuna donati. "Mjukuu wako hapumui vizuri. Anza."

Dkt. Haverkamp alikohoa kidogo, akanyoosha mgongo. "Nina wasiwasi mkubwa kuhusu hali ya mjukuu wangu."

"Hapana."

"Nimehuzunika mno."

"Mama, samahani, sikuamini hata kidogo. Bibi mwenye mjukuu mgonjwa hawezi kuongea hivyo. Unaongea kama tangazo la benki. Umefeli."

"Siwezi kufeli! Nikifeli mimi, yule binti anafukuzwa!" Sauti ilimkatika. "Alimrudishia Emmett pumzi, Gus, na mimi nilimfelisha mara mbili kwa sababu ya kiti. Kiti! Jamani, mimi ni mtu gani?" Akajifunika uso, kamasi zikamtoka hadharani.

Gus aliacha kutafuna. "Hapo sasa," alisema, akagonga muhuri.

Kubiak alifaulu na akavaa joho lake, wanawe wakipiga mbinja ukumbini. Na kwa kuwa sheria zetu zinasema mwigizaji mwenye kibali hawezi kuwa mtahini wala kukaa kwenye Kamati, Dkt. Haverkamp alivuliwa uenyekiti siku hiyo hiyo. Ofisi yenye dirisha akapewa Dunleavy.

Siku hizi kila Alhamisi Dkt. Haverkamp yuko chumba cha mtihani, amefungwa kitambaa kichwani, analia kando ya mwanasesere kwa malipo ya saa. Juzi aliingia mwanafunzi mpya, mwoga. Alimpita bibi moja kwa moja, akamwinamia mtoto, akasikiliza kifua. Halafu akakumbuka, akageuka, rangi imemtoka.

"Mungu wangu. Nimeanza kwa mtoto. Nimefeli, sivyo?"

Nyuma ya kioo Dunleavy alishaandika sifuri. Dkt. Haverkamp alijua, maana sifuri hiyo aliitunga yeye mwenyewe. Akavuta kile kiti, akakitupia kwenye kona.

"Endelea, mwanangu," alisema. "Mimi nitalia nikiwa nimesimama."