Mtiririko wa Damu ya Mkurugenzi

Wizara ya Afya ya Lesotho ilitangaza kwamba kuanzia Jumatatu damu ya Basotho itapita kwa kasi zaidi chini ya ngozi, kwa mujibu wa mpango. Kazi hiyo alikabidhiwa Mkurugenzi Mokitimi, mtu mwenye mihuri minne na subira haba.

Mpango ulikuwa rahisi. Watu wazima thelathini wenye afya njema wangepakwa mkononi mafuta ya bangi ya milimani, yale yasiyolevya, kisha mashine ya mwanga ipime damu. Waziri angefika saa nne kushuhudia ongezeko.

Ishirini na tisa walipakwa. Mashine haikutikisika.

"Puseletso, imewashwa hiyo?" Mokitimi alimuuliza muuguzi.

"Imewashwa, Ntate," alijibu, akimwita baba kwa Kisotho. "Damu inapita kama jana."

"Wakumbushe wana wajibu."

"Nimewakumbusha. Damu haijasikia."

Wa thelathini alikuwa 'M'e Malineo, yaani Mama Malineo, mkulima wa Mokhotlong kule milimani. Aliyanusa mafuta. "Haya nayajua. Mama alikuwa akinichua nayo magoti. Yanatuliza. Kukimbiza damu, hapana."

"'M'e, usituharibie utafiti."

Naye akapimwa. Hola. Waziri akaingia na ujumbe wake, amejitanda blanketi la Kisotho. Mokitimi akaona heri ajitolee mwenyewe. Alikunja shati, akapakwa, akafungwa waya. Mstari kwenye kioo ulilala tu, kama mbwa aliyeshiba.

'M'e Malineo alimkazia macho. "Samahani, Ntate. Si wewe uliyekuja kwetu na askari mwaka ule, wakafyeka shamba langu la bangi? Nilikaa ndani miezi minane kwa mafuta haya haya."

Mokitimi alitaka kusema ilikuwa amri. Alitaka kusema sheria za wakati ule. Lakini alikumbuka jua la siku ile, na mama huyu akiwatekea maji ya kunywa kabla hawajashika mapanga. Masikio yakamwaka.

"Inapanda," alisema Puseletso. "Mara mbili. Mara tatu sasa."

Waziri alipiga makofi. Alitaka kujua kilichofanikisha.

Puseletso aliandika kwa uaminifu: mafuta, watu thelathini na mmoja, hakuna badiliko, swali la 'M'e Malineo, mtu mmoja, mara tatu.

"Bora kabisa," alisema Waziri, aliyerukia tu pale penye mara tatu. "Swali hilo lipimwe kwa viongozi wote."

'M'e Malineo akasogeza kiti. "Basi tuanze na wewe, Ntate. Karatasi ile ya kufyeka, sahihi ilikuwa ya nani?"

Puseletso alikuwa ameshashika waya. Waziri akarudisha mikono yote miwili ndani ya blanketi lake.