Mtutu Uliosuguliwa Kupita Kiasi

Daktari hakuwa daktari wa watu. Alikuwa ametibu friji, saa na redio za watu mtaa mzima, na hakuna hata kimoja kilichopona. Siku hiyo alipita kwenye kibanda cha kulenga shabaha, pale watu wanapofyatulia makopo bunduki ya upepo ili wajishindie sabuni, akaiona bunduki ya mama mwenye kibanda. Moyo ukamruka. Mwenyekiti wa klabu ya walenga shabaha alikuwa anasaka bunduki ya aina hiyohiyo, kwa bei ya cherehani tatu!

"Shikamoo, mama. Hii bunduki inaumwa."

"Marahaba, baba. Inaumwa nini tena?"

Daktari akapitisha kitambaa cheupe ndani ya mtutu kwa waya. Kikatoka cheusi tii. Mtutu wowote hutoa weusi huo, ni uchafu wa risasi tu, lakini mganga gani humwambia mgonjwa kwamba ni mzima?

"Ole wetu! Mtutu umeoza. Utakulipukia usoni."

Mama akashika tama. "Sasa mwanangu, nitakula nini?"

"Usilie, mimi nipo. Nipe huu mzigo, nikupe cherehani."

Cherehani yenyewe ilikuwa ya mkewe, fundi wa kushona. Mke alikuwa kwa dada yake mpaka jioni, na alikwishamwambia: ukiuza tena kitu changu, begi lako utalikuta mlangoni. Daktari akapiga hesabu zake. Kabla ya jioni atakuwa ameshanunua mpya, na mke hatajua kitu.

Akaileta cherehani, akaondoka na bunduki, akakaa kuusugua mtutu. Mafuta, kitambaa, mafuta, kitambaa, mpaka kitambaa kikatoka cheupe pee. Adhuhuri akampelekea Mwenyekiti bunduki, naye akaijaribu palepale uani. Risasi ya kwanza ikapita juu ya kopo. Ya pili ikapiga ukuta. Ya tatu sijui ilikwenda wapi, ila paka wa jirani alihama.

"Mtutu huu umeoza," akasema Mwenyekiti, akamrudishia.

Daktari akarudi kibandani anatweta. "Mama, turudishiane."

"Thubutu! Inilipukie? Si umesema mwenyewe?"

"Nilikosea, mama yangu. Mke wangu atanifukuza!" Na hapo, kwa mara ya kwanza siku ile, alikuwa anasema kweli.

"Haya. Basi nisafishie kwanza risasi za kopo hili. Futa vumbi moja moja, zilizobonyea uziweke kando."

Zilikuwa mamia kwa mamia, ndogo mithili ya punje za choroko. Daktari akakaa chini, akafuta. Mama akaichukua bunduki, akaanza kufyatua taratibu. Alikosa, akakosa tena, akakaribia, na ilipofika kama risasi ya ishirini, kopo la shabaha likaruka.

"Kumbe nzima!" Daktari akaropoka.

"Ilikuwa nzima tangu asubuhi. Mtutu ukiukwangua hivyo unapoteza shabaha, mpaka upige risasi kadhaa ndipo utulie. Miaka kumi na tano nakula kwa bunduki hii, baba. Nilijua utarudi tu."

Daktari akatamani ardhi ipasuke. Akamaliza kopo, vidole vyeusi, mgongo unamuuma. "Cherehani yangu, mama."

"Iko nyuma ya pazia. Nilimwita fundi wa kushona aliyekuja kwa dada yake hapo jirani, aje aijaribu, akasema anaijua vizuri sana."

Daktari akafunua pazia. Mkewe alikuwa ameketi kwenye cherehani, mguu juu ya pedeli, anamtazama. Aliinama, akachukua kopo la pili la risasi, akamsukumia.

"Na hili pia, mume wangu. Nimepita nyumbani, begi lako nimeshalifunga, halina haraka."