Makunyanzi na Makofi ya Mama Mukwe

Wenzangu wa Kalima, leo heshima yangu imeliwa na mbwa.

Si msemo. Imeliwa kweli, pamoja na sehemu ya nyuma ya suruali yangu. Nawaandikia nikiwa nimejifunga kikwembe, kitenge cha mke wangu.

Nieleze polepole, maana mnanijua: mwalimu wa darasa la kwanza haruki hatua.

Mnamkumbuka yule mtoto wa buldogi mliyenitumia, aliyeachwa na mhandisi mzungu alipofunga mizigo kurudi kwao. Alifika hapa Kindu na jina la Gaston. Nikamwambia, "Wewe, Zaire nzima tumebadilisha majina, nawe ni nani hata ubaki Gaston?" Nikamwita Makunyanzi. Bado ni mtoto kabisa, lakini ana uso wa mzee aliyeshindwa kesi ya shamba. Anakoroma akiwa macho. Kwa joto hili la kwetu, mate yake yanatosha kumwagilia mchicha.

Mke wangu, Mama Sifa, hakumpenda tangu alipokula kiatu chake cha misa. Wiki iliyopita akanisimamia mlangoni, mikono kiunoni.

"Baba Sifa, mama yangu anakuja kutoka Tunda. Hajaingia mu nyumba yetu hata siku moja. Hii imbwa ikinipatisha haya mbele yake, inarudi Kalima na kamyo ya kwanza!"

"Itakuwa imefundishwa," nikasema.

"Imbwa ao wewe?"

(Swali hilo nililidharau. Nililidharau mno.)

Basi nikafundisha. Msiogope kazi hii, hata ninyi mnaiweza. Siri yake ni hii: ishara moja, maana moja. Nikipiga makofi, pa, pa, pa, maana yake njoo, ndakala wapo. Nikiinua kiganja, maana yake ngoja. Ndakala, wale samaki wadogo wakavu, niliwaweka katika mfuko wa nyuma wa suruali. Usimpige mbwa. Usimfokee. Msifu! Mtoto wa mtu na mtoto wa mbwa, wote hujifunza wakisifiwa.

Na alijifunza! Kufikia jana, nilikuwa nikipiga makofi uani, naye anatoka nyuma ya nyumba akihema kama treni ya mizigo, moja kwa moja hadi mfukoni, halafu anakaa chini. Mama Sifa mwenyewe aliona. Alikunja mdomo, lakini aliona.

Leo ndiyo siku treni ya mama mukwe ilisemwa itafika. Maana yake, sisi sote tulimtarajia keshokutwa. Nikavaa abakosti, suti yangu ya sherehe, ili kuipigia pasi ya mwili. Nikajaza ndakala mfukoni, nikaanza somo la marudio.

"Hodi!"

Wenzangu, treni ilikuwa imefika siku yake! (Nchi hii haina huruma.)

Mama mukwe alikuwa kwenye lango la lupango, ua wetu, kapu la mchele kichwani. Nikamkamata Makunyanzi, nikakimbia naye nyuma ya nyumba, nikamfunga kwenye kiti cha jikoni. Niliporudi, mama alikuwa ameketishwa barazani na Mama Sifa, anakunywa maji.

Sasa sikilizeni desturi ya kwao mke wangu. Mkwe hampi mama mukwe mkono. Anachuchumaa uani, mbali, macho chini, na kupiga makofi taratibu. Haachi mpaka mama amjibu kwa makofi yake. Hapandishi sauti. Hamgeuzii mgongo. Na chakula, mama asikione kabisa mikononi mwake. Haya yote nilijifunza kabla ya harusi, na nilifaulu.

Nikachuchumaa. Nikapiga makofi.

Pa. Pa. Pa.

Mmeshaelewa, sivyo? Mimi nilikuwa bado.

Mama alikuwa na kiu ya safari, akaendelea kunywa. Nami nikaendelea kupiga. Nyuma ya nyumba kitu kikaanguka. Kisha nikasikia kitu kinaburutwa. Akatokea Makunyanzi, kamba shingoni, na kiti cha jikoni nyuma ya kamba.

"Njo nini ile?" mama akauliza. "Nguruwe?"

"Ni imbwa, mama," Mama Sifa akajibu, sauti ndogo.

"Imbwa? Nani aliifungia mulango mu uso?"

Hapo ndipo akili ikanirudia. Nikiacha makofi, nimemtukana mama mukwe. Nikiendelea, ninamwita mbwa. Ishara ya kumwambia angoje inataka kiganja, na viganja vyangu vyote viwili viko kazini! Nikanong'ona, macho chini, "Ngoja... ngoja, mtoto mzuri..."

"Mimi njo ananiambia ningoje?" mama akashangaa.

Pa. Pa. Pa.

Makunyanzi akafika mfukoni. Lakini mtu aliyechuchumaa, suruali yake hubana, na mfuko hufunga kama kopo. Alinusa. Alifikiri. Halafu akafungua njia yake mwenyewe.

Rrrraaaa!

Ndakala wakamwagika uani kama mvua. Mama akaweka kikombe chini.

"Mutoto wangu, bwana yako anafichaka samaki mu suruali? Haumulishake?"

"Ninamulishaka, mama! Kila siku!" Mama Sifa alikuwa karibu kulia. Alinitazama, na katika macho yale niliiona ile kamyo, lori la Kalima, ikiwashwa.

Lakini balaa kubwa haikuwa mbele yangu. Ilikuwa nyuma. Mnajua vile vikwembe vya kijani tunavyovaa siku za sherehe za chama, vyenye picha ya mwenge? Mabaki ya kimoja Mama Sifa alinishonea kaptula ya ndani. Alipima vizuri, mwenge ukakaa katikati kabisa. Na nyuma yangu kuna barabara. Na barabarani alikuwa anapita Baba Lumbu, jirani yetu, ambaye ndiye mkubwa wa chama katika barabara hii.

Nikasikia visigino vinagongana, kisha akaniita raia, kama chama kinavyotaka.

"Sitwayeni mwalimu! Ule mwenge, niusalimie ao nikufunge?"

"Salimia tu, baba," nikanong'ona.

"Basi geuka, mwalimu, watoto wanaangalia!"

Nigeuke vipi? Mkwe hamgeuzii mama mgongo! Nikabaki pale pale. Mbele ninamheshimu mama mukwe, nyuma ninalihutubia taifa. Na makofi ninapiga bado.

Nadhani mama alinihurumia. Akaitika salamu yangu, kwa mikono yake miwili iliyokauka kwa kazi ya shamba.

Pa. Pa.

Ishara moja, maana moja. Makunyanzi akaniacha na ndakala zangu, akapanda barazani na kiti chake, akasimama mbele ya mama mukwe. Mama Sifa akafunga macho. Mama akainua kiganja kujikinga na yale mate.

Na Makunyanzi akakaa chini. Akangoja!

"Imekaa," mama akasema.

"Ndiyo, mama," nikajibu nikiitazama ardhi. "Imekaa."

"Nimeita, imekuja. Nimekataza, imengoja." Akamgeukia binti yake. "Mutoto wangu, wewe nikikuita unakuja?"

Mama Sifa akashuka uani, akaanza kuokota ndakala.

"Hii imbwa iko na heshima kupita watu wote wa Kindu. Haiende popote. Na mimi Tunda sirudi kwanza."

Basi Makunyanzi anabaki. Mama mukwe pia anabaki.

Nami, kwa kuwa mkwe hali chakula mbele ya mama, niko huku nyuma ya nyumba, sahani ya wali magotini, karibu na bakuli la mbwa. Mwenye bakuli yuko ndani, analala kwenye mkeka wa mama na kukoroma. Tafadhali msinicheke. Baba Lumbu anatosha, tangu asubuhi anacheka kwa niaba ya Maniema nzima.

Mama akipiga makofi huko ndani, tunainuka wote wawili. Makunyanzi hufika kwanza. Yeye alipata mwalimu mzuri.